Gari la familia lililotumika ambalo pia litavuta trela: Prado, Pajero na wenzake kwenye milima ya Uganda

Ukiingia bondi yoyote ya magari Kampala (yadi ya magari yaliyoagizwa kutoka nje) ukasema unataka gari la familia litakalovuta pia trela, utaonyeshwa kila gari refu lenye magurudumu makubwa. "Ssebo, hili linavuta chochote." Kusogeza mzigo uwanjani si kazi, karibu kila gari litasogeza trela la tani mbili mahali tambarare. Kazi ni pale ambapo ndani kuna watu sita, nyuma kuna trela lililojaa, na unateremka kutoka Kapchorwa kuelekea Mbale. Breki zitakuwa bado zinashika ukifika chini? Na kesho yake ukipanda, oili ya giaboksi itastahimili? Gari linalovuta huuawa na joto, mara chache sana na upungufu wa nguvu. Magari yanayotajwa hapa yamepimwa kwa kigezo hicho kwanza, kisha viti, kisha spea.

Kabla hujachagua gari, lijue trela. Watu wengi hukisia uzito, na karibu kila mara hukisia chini. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni kilo 1,000 za maji peke yake, bado tangi lenyewe na trela. Mifuko 20 ya saruji ni tani moja kamili. Ng'ombe mkubwa wa Friesian hupita kilo 500, kwa hiyo wawili pamoja na trela lao ni zaidi ya tani moja na nusu bila shaka yoyote. Trela zinazochomelewa Katwe, Kampala, huwa imara, lakini mafundi hupenda chuma kinene, na trela tupu linaweza kuwa zito kuliko mzigo uliokusudia kulibebesha. Lipeleke kwenye mzani mkubwa wa magari, kama wa wanunuzi wa kahawa au wa vyuma chakavu, likiwa tupu na likiwa limejaa. Andika namba zote mbili.

Sasa namba za gari. Kiwanda hutaja uzito wa trela lenye breki zake na uzito wa trela lisilo na breki. Kwa magari karibu yote ya kundi hili, trela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750. Zaidi ya hapo trela lazima liwe na breki zake lenyewe, hata kama injini ina nguvu za kulivuta mara tatu. Namba nyingine, ambayo wauzaji hawaitaji kabisa, ni uzito ambao gari lenyewe linaruhusiwa kubeba. Tuseme gari lako linaruhusiwa kilo 600. Watu saba, wakubwa na watoto, ni kilo 400 au zaidi. Mizigo yao ni 100. Trela la kilo 1,500 lililopangwa vizuri hulalia nyuma ya gari kwa kilo 150 hivi. Hapo umeshapita kilo 600, na bado hujaweka kreti ya soda. Kwa hiyo gari la viti saba linalovuta trela zito halipaswi kujaa viti vyote saba. Jambo hilo haliwapendezi wengi, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Huo uzito unaolalia tufe la kuvutia, yaani mpira wa chuma nyuma ya gari ambao trela hushikwa nao, ndio unaoamua kama trela litatulia au litayumba. Uwe karibu asilimia 10 ya uzito wote wa trela, usishuke chini ya 7. Ukiwa mdogo, trela hunyanyua nyuma ya gari na kuanza kutikisika kushoto na kulia ukifika kilomita 80 kwa saa. Ukiwa mkubwa mno, nyuma huzama, taa za mbele hutazama mawinguni, na usukani huwa mwepesi. Kuupima hakuhitaji kifaa cha bei. Chukua ubao imara wa mita 1.3, mizani ya bafuni, kipande cha bomba na matofali. Ncha moja ya ubao ilale juu ya bomba, ncha nyingine juu ya mizani, na kati ya bomba na mahali ubao unapogusa mizani pawe sentimita 120. Soma mizani ikiwa na ubao tu, kumbuka namba hiyo. Kisha teremsha mkono wa trela ulalie ubao sentimita 40 kutoka kwenye bomba. Toa ile namba ya kwanza, zidisha kinachobaki kwa 3. Mizani ikionyesha 50 baada ya kutoa, trela linalalia tufe kwa kilo 150. Sogeza mzigo mbele au nyuma ya ekseli mpaka upate unachotaka. Trela liwe mahali tambarare na mkono wake uwe kwenye kimo kilekile cha tufe la gari, la sivyo namba itakudanganya.

Magari madogo kwanza, kwa sababu ndiyo yaliyojaa barabarani. RAV4, Forester, X-Trail na Harrier ni magari mazuri ya familia, na kwa trela jepesi la kilo 500 au 600 lisilo na breki hayana tatizo. Kwenye karatasi, RAV4 na Forester huruhusiwa trela lenye breki la kati ya kilo 1,400 na 1,500. Kwa barabara zetu nisingefika huko. X-Trail na nyingine zenye giaboksi ya CVT (inayotumia mkanda badala ya gia) hupandwa na joto haraka zikipanda mlima na mzigo. Mkanda wa ndani ukishaanza kuteleza, giaboksi imekwisha. Harrier na RAV4 zenye injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4 zina udhaifu unaojulikana: baadhi hula oili, na nyuzi za bolti zinazoshika hedi kwenye bloku hulegea injini ikichemka. Mlima mmoja wenye trela zito na rejeta iliyoziba nusu vinatosha kuzilegeza. Kama trela lako ni la kilo 800 kwenda juu, ondoka kwenye kundi hili, utafute gari lenye shasi, yaani fremu ya chuma chini ya bodi.

Prado ndiyo kila mtu anayoiulizia, na sifa zake nyingi inazistahili. Ila jina "Prado" halikuambii kitu, kinachokuambia ni herufi za mwanzo za namba ya modeli. TRJ ni petroli ya lita 2.7, injini ya 2TR-FE. GRJ ni petroli ya V6 ya lita 4.0. KDJ ni dizeli ya lita 3.0, 1KD-FTV. GDJ ni dizeli mpya ya lita 2.8, 1GD-FTV. Soma sahani iliyo kwenye injini au mlangoni, usisome kibandiko kilichobandikwa nyuma ya gari.

TRJ ndiyo imejaa kwenye bondi, na sababu yake ni hii: Toyota iliacha kuuza Prado ya dizeli Japani mwaka 2007 na haikuirudisha mpaka 2015. Kwa hiyo Prado 150 iliyotoka Japani kati ya 2009 na katikati ya 2015 ni ya petroli. Injini ya 2TR-FE ni mvumilivu, ina cheni ya taimingi, na fundi yeyote wa gereji za Ndeeba, Kampala, anaijua. Lakini ina nguvu farasi 163 na msukumo wa nyutoni-mita 246 tu, na msukumo huo huupata ikifika mizunguko 3,800 kwa dakika. Injini ya petroli isiyo na tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Kabale karibu 2,000. Ukifika Kabale, zile farasi 163 zimebaki kama 130, nazo zinasukuma gari la tani mbili na watu wake. Itavuta trela la tani moja, ndiyo, lakini kwa gia ya pili, injini ikipiga kelele, na petroli ikiondoka kwa kasi ambayo hutaipenda. Kwa familia inayovuta mara mbili kwa mwaka, TRJ ni chaguo la busara. Kwa anayevuta kila wiki, hapana.

KDJ120, ile ya 2002 hadi 2009, ndiyo naiweka mbele kwa trela la kati ya tani moja na tani mbili. Msukumo wake ni nyutoni-mita 343 hadi 410 kutegemea mwaka na giaboksi, na unaupata chini ya mizunguko 2,000, pale hasa unapouhitaji ukianza kupanda mlima. Tabo huisaidia isichoke kwenye mwinuko kama petroli. Nchini Australia Toyota iliitajia trela la kilo 2,500 lenye breki. Viti vya nyuma kabisa hukunjwa kuelekea ubavuni, vinakula nafasi, lakini vinaweza kutolewa. Tatizo ni kwamba tangu 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo Prado 120 haiji tena. Utanunua iliyokwisha kusajiliwa hapa, iliyokwisha kuonja mashimo yetu na mafundi wetu. Ndiyo maana ukaguzi wake unahitaji siku nzima, si dakika 20 za kuzunguka mtaa.

Ugonjwa wa 1KD unajulikana na una mpangilio wake. Chini ya kila noseli (kifaa kinachopulizia dizeli kwenye silinda) kuna wosha ya shaba inayozuia moto wa silinda usitoke. Ikichoka, gesi ya moto huvuja kuingia juu ya hedi, inachanganyika na oili, na oili inageuka kuwa masizi mazito. Masizi hayo yanatua kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, na kuziba kichujio cha kufyonzea oili. Siku moja, ukiwa unapanda na mzigo, presha ya oili inashuka, na injini inakufa. Watu husema "imegonga ghafla", kumbe ilikuwa ikijitayarisha kwa miaka miwili. Kwa hiyo fanya hivi: fika asubuhi kabla gari halijawashwa, na uweke mkono juu ya injini kuhakikisha ni baridi kweli. Liwashe. Kugongagonga kwa sekunde chache kunavumilika, moshi mweupe unaoendelea kwa dakika kadhaa ni dalili ya noseli mbovu. Likishapata moto, fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma taratibu. Mvuke kidogo ni kawaida. Moshi unaosukuma kwa mapigo, kama mtu anayepumua, si wa kawaida. Kisha fundi aunganishe skana asome marekebisho ya kila noseli injini ikiwa moto na bila kukanyaga mafuta. Namba ikipita 3 juu au chini ya sifuri kwenye silinda yoyote, hesabu noseli mpya kwenye bei. Muuzaji akikataa skana, mshukuru uondoke. Na baada ya kununua, hata kama kila kitu ni kizuri, badilisha wosha za noseli na ufungue sampu kusafisha kile kichujio. Ni kazi ya siku moja.

Mkanda wa taimingi wa 1KD huhesabiwa kilomita 100,000 kwenye gari za soko la Japani, 150,000 kwenye masoko mengine. Kwa gari ambalo hujui historia yake, ubadilishe siku ya kwanza pamoja na roli yake. Taa ya taimingi kwenye dashibodi isikupe imani, kwa sababu huzimwa kwa kubonyeza tu.

KDJ150 zipo pia nchini. Ukiiona, jua haikutoka soko la Japani. Ilinunuliwa mpya ukanda huu au ilitoka nchi nyingine, na magonjwa ya noseli ni yaleyale. GDJ150 ya kuanzia 2015 ina nyutoni-mita 450, giaboksi ya gia sita, na huvuta kwa raha kuliko zote za familia yake. Lakini ina kichujio cha masizi kinachohitaji safari ndefu za barabara kuu ili kijichome na kujisafisha, na zile za soko la Japani hutumia pia AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli. Gari linaloshinda kwenye foleni ya Kampala Road na Wandegeya, likienda kilomita 5 na kuzimwa, litaziba kichujio hicho. Huko Australia, suala la vichujio hivyo kwenye Hilux, Prado na Fortuner lilifika mpaka mahakamani. Kama maisha yako ni ya mjini na trela ni la mwisho wa mwezi, GDJ itakusumbua. Kama unaishi Mbarara na unatembea kilomita 200 kwa siku, ichukue.

Pajero husahaulika, na hapo ndipo mnunuzi mwerevu anapopata nafuu, kwa sababu bei yake haibebi jina. Unayoitaka ni V98W, ndefu, dizeli ya lita 3.2, injini ya 4M41. Za 2008 zina nyutoni-mita 370, za kuanzia 2010 zina 441. Haina shasi iliyotengana na bodi, shasi imechomelewa humohumo, kwa hiyo hutulia barabarani kuliko Prado, na breki zake ni nzuri. Kiwanda kinaitajia kilo 3,000 kwa Australia, lakini soma maandishi yaliyo chini: trela likizidi kilo 2,500, uzito unaoruhusiwa kulalia tufe unashuka kutoka kilo 250 hadi 180. Yaani trela la tani tatu haliwezi kupata ile asilimia 10. Kwa vitendo, Pajero ni gari la tani mbili na nusu.

Maradhi ya Pajero ni cheni ya taimingi inayonyooka na kugonga mbele ya injini ikiwashwa baridi, valvu ya pampu ya dizeli inayofanya mizunguko ipande na kushuka yenyewe, na njia ya hewa inayojaa masizi mpaka nguvu zinapungua. Zote zinatibika. Spea zipo kwenye soko la Kisekka, Kampala, lakini si kila duka, na hapo Prado inaishinda bila ubishi. Jambo jingine ni la usalama wa watoto: Pajero za kizazi hiki zimo kwenye orodha ya magari yaliyoitwa na kiwanda yarudishwe kubadilishiwa mifuko ya hewa ya Takata, ambayo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu na inaweza kurusha vipande vya chuma inapolipuka. Tafuta namba ya shasi kwenye tovuti ya kiwanda uone kama kazi ilifanyika. Hali ni hiyohiyo kwa baadhi ya RAV4, X-Trail na Forester.

Hilux Surf ya 2002 hadi 2009 ni ndugu wa Prado 120, mara nyingi kwa bei ya chini, ila haina viti vya nyuma kabisa. Familia ya watu watano ina kila sababu ya kuiangalia. Land Cruiser 100 yenye dizeli ya lita 4.2 yenye tabo ndiyo inayostahili trela la tani tatu, na kiwanda kiliitajia kilo 3,500. Za miaka ya mwanzo zina difu dhaifu ya mbele. Discovery 3 na 4 nazo huvuta kilo 3,500, na kwa utulivu sioni inayozishinda hapa. Lakini injini zao za dizeli za V6 zimejulikana kwa kukatika krenki, na kazi nyingi kwenye injini hizo hulazimu kunyanyua bodi nzima kutoka kwenye shasi. Usinunue Discovery kama fundi anayeijua hayuko mji unaoishi.

Sasa ukaguzi wa vitu ambavyo mvutaji tu ndiye anavihitaji. Lala chini ya gari, upande wa nyuma. Pale shasi inapopinda juu ya ekseli na pale springi zinapokaa ndipo kutu hujificha, na ndipo hasa chuma cha kuvutia kinapofungwa. Magari ya sehemu za Japani zenye theluji, na ya Uingereza, hula chumvi ya barabarani. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya ubao. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari iliyopakwa juzi ni sababu ya kugonga zaidi. Kama lina karatasi ya mnada wa Japani, alama ya S ni kutu na C ni kutu iliyokula chuma, R maana yake liligongwa likatengenezwa. Linganisha kilomita za karatasi na za dashibodi.

Chomoa kijiti cha oili ya giaboksi, kama kipo, na ukipakaze kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu au kahawia hafifu ni sawa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake giaboksi ilikwisha kupata joto kupita kiasi. Rangi ya waridi yenye povu kama maziwa ya sitroberi ni hatari kubwa kuliko zote: bomba la kupoza oili lililo ndani ya rejeta limetoboka, maji na oili vimechanganyika, na giaboksi hiyo haina maisha. Kwenye Toyota zenye rejeta ya zamani, badilisha rejeta kabla ya kuanza kuvuta, au funga kipoza oili cha pembeni mbele yake. Ningefanya yote mawili kwa gari litakalovuta zaidi ya tani moja. Oili ya giaboksi ibadilishwe kila kilomita 40,000, hata kama muuzaji anasema ni ya maisha.

Lijaribu mlimani. Panda Buziga au Naguru, vilima vya Kampala, gari likiwa na watu watano, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, upande na ushuke mara tatu mfululizo. Mshale wa joto usisogee. Ukishuka mara ya tatu, kanyaga breki kwa nguvu: pedali ikizama au usukani ukitetemeka, disiki na oili ya breki vinahitaji kazi. Oili ya breki ya DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu hushuka hadi karibu 155, na mteremko mrefu wenye trela unaweza kufika hapo. Ibadilishe yote kila miaka miwili. Hii ni kazi ndogo kuliko zote zilizotajwa hapa, na inarukwa kuliko zote.

Magari mengi ya Japani huja bila chuma cha kuvutia. Usikubali kichomelewe kwenye bampa. Bampa ni bati, litang'oka na trela litaendelea na safari yake. Chuma kishike shasi pande zote mbili kwa bolti za M12 za daraja 8.8 au zaidi, angalau tatu kila upande, kwenye matundu ya kiwanda kama yapo, na nyuma ya kila nati pawe na bamba la chuma la milimita 6 ili shasi isijikunje. Fundi azikaze kwa spana ya kipimo, nyutoni-mita 80 hivi kwa 8.8. Tufe liwe la milimita 50, na kikombe cha trela kiwe cha kipimo hichohicho. Tufe dogo kuliko kikombe hushika vizuri uwanjani na kuruka kwenye tuta la kwanza. Minyororo miwili ya usalama ivuke kwa kupishana chini ya mkono wa trela, ili mkono ukianguka uangukie juu ya mnyororo, usichimbe lami. Na fungua mlango wa nyuma trela likiwa limefungwa. Kwa gari ambalo mlango wake hufunguka ubavuni, mara nyingi utakuta unagonga gurudumu dogo la mbele la trela, na mizigo ya watoto haitoki mpaka ufungue kila kitu.

Taa: plagi ya pini saba ya kawaida hupangwa hivi. Pini 1, waya wa njano, ni indiketa ya kushoto. Pini 2, bluu, taa ya ukungu. Pini 3, mweupe, ni ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye shasi). Pini 4, kijani, indiketa ya kulia. Pini 5, kahawia, taa ya nyuma ya kulia. Pini 6, mwekundu, breki. Pini 7, mweusi, taa ya nyuma ya kushoto. Taa zikiwaka kwa kufifia au indiketa ikiwasha na breki pamoja, tisa kati ya kumi kosa ni ethi. Usitegemee kikombe cha trela kipitishe umeme, vuta waya mweupe mpaka kwenye shasi safi iliyokwanguliwa rangi. Kwa gari jipya lenye kompyuta nyingi, tumia kiunganishi chenye rilei zake, usikate waya za taa za gari.

Breki za trela zinazofaa kwa matumizi yetu ni zile za kusukumwa: trela likisukuma mbele, kikombe kinarudi nyuma na kuvuta waya wa breki. Hazihitaji umeme, na mafundi wa chuma wanazielewa. Angalia tu kwamba kikombe kinarudi nyuma sentimita chache na kutulia bila kugonga mwisho, na kwamba breki huachia ukirudi rivasi. Beringi za magurudumu ya trela zipakwe grisi kila mwaka. Trela la mashua linalozamishwa ziwani Entebbe au Jinja, kila baada ya safari chache, kwa sababu beringi ya moto ikitumbukizwa kwenye maji baridi huyafyonza.

Tairi za 265/65R17 za Prado zenye alama 112 hubeba kilo 1,120 kila moja. Tairi za mitumba zenye namba ndogo zaidi hupatikana kwa wingi, usiziweke nyuma ya gari linalovuta. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ongeza presha ya nyuma psi 3 hadi 5 juu ya kibandiko cha mlangoni.

Barabarani, zima gia ya juu kabisa kwa kitufe cha O/D au uweke gia ya 3 ukianza kupanda, maana giaboksi inayopanda na kushuka gia kila sekunde ndiyo inayochemsha oili. Kushuka, tumia gia ileile uliyopandia. Kurudisha trela zito nyuma kwenye mwinuko, ingiza L4 (gia za chini za magurudumu manne) ukiacha difu ya kati bila kufungwa. Prado inaruhusu hivyo, na inaokoa giaboksi sana. Mafuta yataongezeka kwa theluthi moja au nusu, hesabu hivyo kabla ya kuondoka. Baada ya kilomita 100 za kwanza simama mahali penye usawa, kaza tena bolti zote za chuma cha kuvutia, na uguse kila kitovu cha gurudumu la trela kwa mgongo wa mkono. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, breki yake imeng'ang'ania au beringi inaanza kufa, na hapo ndipo pa kulifungua, kabla hujaanza mlima.